Jiwe Lililopona

Naanza kwa kukiri kabla hujanicheka: katika hii stori mjinga ni mimi. Tena siyo mjinga kidogo, yule wa kusahau chenji dukani. Mjinga kamili, wa kuogesha kipande cha kioo kwa maji ya vuguvugu kila Jumamosi, miaka miwili, na kukifuta kama kitoto kilichozaliwa jana. Kwa hiyo cheka sasa hivi, maliza, halafu tuendelee.

Kilichonikumbusha ni sabuni. Mke wangu amejifungua mwezi uliopita, na kazi yangu mimi baba mtu ni kushika beseni na kukaa kimya. Juzi nikafungua sabuni mpya ya mtoto, ile nyeupe yenye harufu kama ya poda, na papo hapo sikuwa tena baba wa mtu. Nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano, nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya Mjomba Obedi kule Chapwa, Tunduma, ulimi nje kwa umakini, naogesha jiwe. Mke wangu akasema, "We vipi, maji yanapoa." Nikamwambia hamna kitu. Kumbe kifuani kilikuwepo kitu, tena kizima kabisa, hakijazeeka hata siku moja.

Ili unielewe lazima nianze na kimondo. Sisi watoto wa Mbozi tumekua tukijua kwamba kuna jiwe kubwa jeusi lilidondoka kutoka angani likalala kwetu, na shule zinapeleka watoto kuliona. Mimi nilipelekwa nikiwa la nne, wakati bado naishi Itaka kwa bibi. Nililigusa. Baridi kama sufuria iliyolala nje. Pembeni pana alama mahali ambapo watu walijaribu kukata kipande, na mzee aliyekuwa analinda akatuambia, "Kushika ruksa. Kumega, hapana." Wenzangu walirudi wanazungumzia soda waliyokunywa njiani. Mimi nilirudi na hoja moja: vitu vya juu vikidondoka, vinadondokea Mbozi. Kwangu hiyo haikuwa imani. Ilikuwa hesabu. Na nilikuwa na donge kwamba sikuruhusiwa kupata hata kipande cha ukubwa wa punje ya kahawa.

Mwaka uliofuata mama akaja kunichukua Itaka, tukaenda kuishi Tunduma. Baba alikuwa ameshafariki. Aliumwa muda mrefu, na kwenye kuumwa huko vitu vya nyumbani vikaondoka kimoja kimoja: redio, baiskeli, mwisho pete ya ndoa ya mama. Pete haikurudi na baba hakupona. Mama alibaki na tabia moja: akiwa anawaza, kidole gumba kinakwenda kwenye kidole cha pete na kuzungusha. Anazungusha hewa. Nilikuwa namwangalia pale kwenye meza yake ya maharage sokoni, mteja Mzambia anamwambia kwa Kibemba "Mulishani, mayo," yaani habari yako mama, yeye anajibu vizuri tu, anapima, na gumba linazungusha pete ambayo haipo.

Tulikaa chumba kimoja kwenye nyumba ya kaka yake, Mjomba Obedi. Hatukuwa tunalipa, na kila mtu alikuwa anajua kwamba hatulipi, ukiwemo wewe sasa. Mjomba alikuwa kijana wa kupitisha mizigo mpakani, viatu vya kuchongoka, miwani hata siku ya mvua. Mimi alikuwa ananiita "mwanaume." Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananiita hivyo. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Kuna kijana mmoja mkubwa alikuwa ananinyang'anya maandazi. Mjomba akaenda kumsalimia mara moja tu, akamshika bega akamnong'oneza kitu, na kuanzia hapo yule kijana akawa ananipa yeye maandazi. Ukiniuliza wakati ule Mungu anafananaje, ningekwambia anavaa miwani.

Sasa, karibu na soko kulikuwa na mama mmoja wa Kitanga anaitwa Bi Zuhura. Anauza vitenge na mitandio, lakini mezani alikuwa na kisanduku cha kioo chenye mawe. Mengine zambarau, mengine kijani, mengine rangi ya chai ya rangi. Mimi mawe yale nilikuwa nayapita tu. Mpaka siku moja nikaona moja limekaa peke yake kwenye pamba, dogo kama punje ya harage, jeupe la maziwa, na nilipopita, kuna mwanga juu yake ukatembea. Nikarudi nyuma. Mwanga nao ukarudi.

"Hilo linaangalia watu?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hilo ni jiwe la mwezi."

Nikashika meza. "Limedondoka lini?"

"Limedondoka wapi? Limechimbwa, mwanangu."

"Limechimbwa kwa sababu lilidondoka likazama?"

Bi Zuhura alicheka mpaka mtandio ukateleza. "Mashallah, huyu kaja na jibu lake kabisa." Hakunisahihisha, na mimi nikachukulia kwamba amekubali. Ndiyo ilivyokuwa: kama lile jeusi lilidondoka kwetu, mwezi nao ukimeguka utadondokea wapi? Kwetu. Na hiki kipande kilikuwa kinauzwa! Hakuna mzee wa kulilinda, hakuna "kumega hapana."

Nilikwenda pale kila siku wiki nzima. Siku ya mwisho akanikazia macho. "Wewe unalitaka la nini?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia habari ya pete ya mama, na gumba linalozungusha hewa. Nilisema haraka haraka kama mtu anayesoma tangazo, maana nilikuwa naona aibu. Bi Zuhura akauliza, "Una nini nyumbani cha kwako mwenyewe? Cha kwako, siyo cha mama."

Nilikuwa na jogoo. Bibi alinipa nikiwa naondoka Itaka, jogoo mwekundu mwenye kifua, nikamwita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa anaongea sana na hafanyi kazi. Nilimpenda. Kesho yake nikamleta chini ya kwapa.

Bi Zuhura akampokea, akampima kwa mkono, akasema, "Jiwe hili ni zaidi ya kuku. Lakini huyu ana heshima zake." Halafu akaniambia masharti, na mimi nayakumbuka kuliko sala. Jiwe la mwezi ni laini, usidanganyike kwamba ni jiwe. Usiligonge, ndani lina njia zake, likigongwa vibaya linapasuka. Lisikae na funguo wala misumari wala mawe mengine, litachubuka. Lisikae juani wala karibu na jiko. Kuosha ni maji ya vuguvugu, siyo ya moto, na sabuni ya mtoto, kidogo tu, halafu kitambaa laini. "Ukilitunza mpaka umalize la saba," akasema, "mlete mama yako hapa na jiwe lako. Mimi nitalipachika kwenye pete ya fedha, kazi ya fundi wangu, bure. Sitaki mtoto awe na pete mfukoni miaka miwili. Nataka kuona kama unaweza kutunza."

Nikamwambia ninaweza. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa namaanisha kila herufi.

Nyumbani nilimwonyesha mtu mmoja tu. Unamjua ni nani. Mjomba aliliinua kwenye mwanga wa dirisha, akavua miwani, kitu ambacho hakuwa anafanya ovyo. "Hili la kweli, mwanaume?" Nikamwambia la Bi Zuhura hilo, la kweli. "Siri yetu," akasema. Sabuni nilipata kwa jirani aliyekuwa na kichanga. Nilikata kipande chenye ukubwa wa kucha, na kama yule mtoto alibaki na upele kidogo, nimwombe radhi hapa. Kitambaa kilikuwa upande wa ndani wa fulana yangu yenye picha ya kengele, ile fulana ya kuvaa siku za sikukuu tu. Sanduku lilikuwa boksi la kiberiti lenye pamba.

Wiki ya tatu nikaliangusha. Mikono ilikuwa na povu, likateleza, likagonga sementi, *ti*, kasauti kadogo kama jino. Nililiokota, nikalipeleka juani, pamoja na kwamba juani ni marufuku, nikaliangalia kwa mara ya kwanza kwa chini, upande wa tumbo. Ndani, pembeni, kulikuwa na nyufa. Mstari mmoja mrefu na vimistari vidogo vidogo vimetoka huku na huku. Tandu mtupu. Tandu mzima amelala ndani ya mwezi wangu, na aliyemwingiza ni mimi.

Hapo ndipo nilipokosea, na siyo kosa la mikono. Sikufikiri hata mara moja kwamba yule tandu alikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa sijawahi kuliangalia tumboni. Mtoto akivunja kikombe, hata ufa wa mwaka jana anauchukulia kuwa wake.

Nilimfuata Mjomba nalia. Akaliangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Zuhura ameliona hivi?"

"Hapana!"

"Mama?"

"Hapana, Mjomba, usimwambie."

"Sawa. Simwambii mtu. Na wewe usimwambie mtu. Huko kwa Zuhura usikanyage kabisa mpaka umalize shule, maana akikuuliza uso wako utasema. Mimi kuna fundi Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, anatibu mawe. Anaingiza dawa, ufa unajifunga."

"Litapona?"

"Mwanaume, nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Mpaka siku ile, kwa kweli, hakuwahi.

Lilikaa kwa fundi siku nne. Sikula vizuri. Siku ya tano Mjomba akarudi, akafungua kiganja, na lilikuwa limepona. Limepona kuliko kuumwa kwake! Safi, laini, hakuna tandu wala mguu wa tandu. Tena lilikuwa na rangi ya bluu kote, zamani bluu ilikuwa inapita tu. Ukiliweka kwenye mwanga, upande wa pili unaona rangi ya chungwa, kama asubuhi. Nikasema ndani ya mwezi kumbe kuna jua. Nilimkumbatia Mjomba kiunoni, mkanda wake ukanichuna shavu, na akaniwekea mkono kichwani. Mkono wenyewe ulikuwa mzito. Nilidhani ni upendo, na labda ulikuwemo, sijui. Mkono hauna maandishi.

Basi nikalitunza. Nikalitunza kwa adabu ya mtu aliyesamehewa. Kila Jumamosi beseni, maji ya vuguvugu nayapima kwa kiwiko kama nilivyoona akina mama, sabuni ya mtoto, fulana. Sikucheza mpira nikiwa nalo mfukoni. Kwa Bi Zuhura nilikuwa nazunguka nyuma ya soko, njia ya maji machafu, ili nisipite mbele ya meza yake. Naenda shule na harufu mbaya miguuni kwa ajili ya siri. Mwaka mzima, na wa pili.

Katikati hapo Mjomba akaoa. Akamwoa Neema, binti wa kule Mbozi Mission, familia ya kahawa na kwaya, watu wasiopenda maneno mengi. Walisema jambo moja tu, kwamba pete isiwe ya bati. Harusi ilikuwa nzuri, mama alicheza mpaka kiatu kikakatika, na Anti Neema akahamia nyumbani, mpole, anacheka kwa kufunika mdomo. Nilimpenda siku ya kwanza.

Wiki ya kwanza tuko mezani, mchana, ugali na mboga ya maboga. Ananipa bakuli, naona pete yake kwa karibu. Ilikuwa na jiwe jeupe la maziwa. Nikaushika mkono wake, nikaugeuza kwenye mwanga wa mlango kama daktari.

"Anti, pole. Pete yako inaumwa."

"Inaumwa nini tena?"

"Ina tandu ndani. Mkubwa. Huyu hapa pembeni."

Mjomba akapaliwa. Mama akaanza kumpiga mgongoni. "Kula taratibu, kaka, maboga hayakimbii."

"Mimi najua mambo ya mawe," nikaendelea, maana nilikuwa na hadhira. "Kuna fundi Nakonde anatibu. Mjomba anamjua. Mjomba, si umpeleke Anti?"

"Obedi, kuna fundi?" Anti Neema akamgeukia mumewe, amefurahi.

"Alishahama," Mjomba akasema, macho yamejaa machozi ya ugali. "Amehamia Kitwe."

Nimeshakwambia cheka mapema. Jioni ile nilikwenda kwenye boksi langu la kiberiti, nikaliangalia jiwe langu safi, nikamwonea huruma Anti Neema. Nakuapia. Nilimwonea huruma. Nikawaza, maskini, kaolewa na mtu mkubwa kama Mjomba halafu kapewa jiwe gonjwa, kumbe na matajiri nao wanauziwa vibaya. Nilitaka hata kumwazima langu avae Jumapili.

Siku tulipomaliza mtihani wa la saba, sikusherehekea na wenzangu. Wao walirushiana maji na kuchana daftari. Mimi nilikimbia sokoni, nikamwambia mama afunge meza. "Kuna nini?" Njoo tu. "Umefanya nini?" Mama, njoo tu. Alijitanda kitenge chake cha kijani, akajua labda nimegombana na mtu. Nilimshika mkono katikati ya soko, kijana mzima wa miaka kumi na tatu, na sikuona aibu.

Bi Zuhura alinitambua mara moja. "Ahaa! Mwenye jogoo! Nilijua umekufa." Akamsalimia mama, akamvutia kiti, akamweleza yeye mwenyewe stori yote: jogoo, sharti, pete. Mama alikuwa anasikiliza na mdomo umefunguka kidogo. Aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa kabla wala baada. Nikiweza kurudisha dakika moja ya maisha yangu ni ile, kabla sijafungua boksi la kiberiti.

Nikafungua.

Bi Zuhura alilichukua kwa vidole viwili akalitikisa kwenye mwanga. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Tabasamu lake halikuondoka kwa ghafla. Lilibaki usoni limesimama, kama mgeni aliyesikia jambo la aibu na hajui aage vipi. Akachukua kioo chake kidogo cha kukuzia.

"Mwanga wa jiwe la mwezi unatembea," akasema taratibu. "Huu umesimama. Umekaa kote kama rangi ya ukutani. Njoo uone."

Niliangalia. Ndani ya mwezi wangu kulikuwa na vipovu vya mviringo, viwili, vitatu, kama kwenye soda.

"Chini ya ardhi hakuna mapovu hayo, mwanangu. Hiki ni kioo. Wanaviweka kwenye hereni za bei rahisi, zile zinazobandikwa kwenye kadi, ng'ambo hapo zipo tele."

"Siyo kioo! Mimi nalitunza! Naosha na sabuni ya mtoto!"

"Najua unatunza. Naona. Hakina hata mchubuko." Sauti yake ilishuka. "Lakini langu lilikuwa na tandu ndani, hapa pembeni. Mawe ya mwezi ya kweli yanakuwa nao. Nalikumbuka kwa huyo tandu wake, ndiye aliyenifanya nilipende."

"Yule tandu alipona! Nililiangusha, Mjomba akalipeleka Nakonde, likarudi lime..."

Maneno yakaishia hapo. Nilikuwa nayasikia yakitoka na kila moja likitoka lilikuwa linageuka nyuma kuniangalia. Nakonde. Siku nne. Fundi wa Kitwe. Jiwe jeupe la Anti Neema kwenye mwanga wa mlango. Nikageuka kumwangalia mama, kwa sababu mtoto akiumia huko ndiko anakogeukia, na nikaona kwamba mama ameshafika kabla yangu. Alikuwa anajua tayari. Alikuwa amesimama.

"Huyu atakuwa amelibadilisha mwenyewe," mama akasema.

Akasema kwa sauti ya sokoni, ile ya kusikika meza ya tatu.

"Watoto wa mpakani hawa, dada yangu. Atakuwa ameuza akanunua pipi, sasa anatafuta wa kumsingizia. Tusamehe sana."

Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na ulikuwa unanibonyeza. Siyo kwa hasira. Ulikuwa unabonyeza kama mtu anayefunga mfuniko wa sufuria unaotaka kufunguka.

Nilinyamaza. Mpaka leo watu wananijua sinyamazi, hata msibani nina neno, lakini pale nilinyamaza. Bi Zuhura aliniangalia mimi, akamwangalia mama, akaniangalia mimi tena, na sikuweza kusoma ameamini nini. Akakifunga kile kipande changu cha kioo kwenye karatasi vizuri, kona kwa kona, kama anavyofungia wateja wa maana, akanipa mkononi.

"Jogoo wako nilimla kwa heshima," akasema.

Njiani mama alitembea mbele. Sikumshika mkono.

Jioni Mjomba akarudi na chips kuku, sahani nzima, akaiweka mbele yangu peke yangu. Hapo nikajua mama ameshamwambia. Wote wawili walijua na mimi najua, na Anti Neema peke yake ndiye aliyekuwa anauliza leo kuna sherehe gani. "Kamaliza shule," Mjomba akasema. Akanipiga bega. "Kula, mwanaume." Hakuvua miwani. Nilikula. Nililia kidogo na nilikula, na zile chips zilikuwa tamu, sitakudanganya, hilo nalo limo kwenye hesabu ya ujinga wangu. Lakini lile neno lake lilipita sikioni kama senti iliyofutika sura. Hajawahi kuniita hivyo tena, au labda aliendelea na mimi ndiye sikusikia.

Sikumwambia Anti Neema. Siku moja tu nilimkuta anasugua masufuria kwa mchanga na pete iko kidoleni, jiwe limeanza kufifia, limechubuka juu, ule mwanga unatembea kwa shida kama mzee. Sikuvumilia. Nikamwambia, "Anti, vua pete ukiosha vyombo. Na uioshe na sabuni ya mtoto, maji ya vuguvugu, siyo ya moto." Akacheka akafunika mdomo. "Nani kakufundisha wewe?" Nikamwambia nimesikia redioni. Akaivua, akaiweka dirishani, mbali na jua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa mpaka nikaitwa.

Na mama, wiki mbili sikuongea naye zaidi ya shikamoo na ndiyo. Alikuwa ananiachia. Jumapili moja baada ya kanisa alikaa uani na ungo wa maharage anachagua, mimi akaniita nikae upande wa pili. Tukachagua. Nyumbani hakukuwa na mtu. Nikamuuliza bila kuinua kichwa, kwa nini alisema ni mimi, wakati alikuwa anajua.

Hakukataa. Nilikuwa nimejiandaa akatae, nilikuwa na majibu yangu kama kumi hivi. Aliendelea kuchagua, harage, harage, akatupa lililooza.

"Ningesema kaka yangu, ile siku tungelala wapi?" akasema. "Ilinibidi nichague haraka, nani wa kumwangusha. Nikamwangusha ambaye najua atanisamehe."

Akatikisa ungo.

"Na usiharakishe," akasema. "Nitasubiri."